Mungu wa Kike Aliyebaki Bila Macho

Mpendwa Baba Nuru,

Mwenye nyumba anauza, kwa hiyo Jumamosi gereji yako lazima iwe tupu. Nimetoa makopo ya rangi, misasa, hata kile kiti chako kibovu. Amebaki yeye tu, sanamu yako ya mungu wa kike mwenye mikono kumi, pinki kama bablishi, hana macho.

Unakumbuka ulivyomnyang'anya simba anayempanda siku zote ukampandisha kwenye troli ya supamaketi? Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakuuliza marehemu baba yako, aliyewafinyangia miungu ya udongo watu wa hekalu la Wahindu kule nyumbani Kisutu, angesema nini.

"Angeuliza troli nimeitoa wapi."

Mikono mingine uliishikisha simu, kopo la soda, pasi ya umeme. Mmoja ukauvisha glavu ya buluu, kama ninazovaa nikiwaogesha wazee kazini. "Huu wako, Mama Nuru," ukasema, ukaendelea kupiga msasa. Nikaenda kupika.

Macho uliyaacha mwisho, kama baba yako alivyokufundisha, na anayeyachora hufunga siku hiyo. Ukafunga. Nilikuachia dengu jikoni nikaenda kazini, nikijua utafungua jioni. Mchana moyo wako ukasimama, nawe ukaondoka na njaa. Hilo linaniuma kuliko yote. Wanakwaya wenzangu wananifariji kwa moyo safi, lakini gereji yenye sanamu wanaipita mbali.

Jumba la sanaa lililomtaka limebadili nia, halipokei kazi isiyokamilika. Nilimwomba Nuru ayachore yeye, maana mkono wake ni wako mtupu. Akalia. "Mum, I can't. I'm not him. Just let her go." Eti hawezi, yeye si wewe, nimwache tu mungu wako aende.

Basi anachukuliwa na mwenye mgahawa mmoja wa huku Campbelltown. Atamsimamisha mlangoni, amvishe miwani ya jua, wateja wapige naye picha. Nimekubali, kwa sababu pahali pengine palipobaki ni jalalani tu. Watu husema, "Ya Mungu ni mengi." Mimi kwa sasa sioni hata moja.

Miezi yote hii, kila nilipomwona hana macho, moyo wangu ulikataa kwamba umekufa. Nilikuhesabu kama mtu aliyetoka kufuata rangi dukani. Jumamosi watampakia kwenye lori, na mimi sitakuwa na sababu ya kukusubiri.

Pumzika, baba.

Mkeo,
Mama Nuru