Wimbo wa Trekta Dogo

Ahero
Jumanne, 14 Januari 2025

Mpendwa Tata,

Bwakire. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, goti limetulia, na ng'ombe mwekundu amezaa salama. Mimi sijambo, ila joto. Nampa Nyanchera akuletee, yule anayeuza hapa ndizi za Nyakoe, kwa sababu simu hukupa kelele tu tangu masikio yako yalipobaki kwenye boila ya kiwanda cha chai.

Huku tambarare ardhi haina mwisho. Ikifika saa sita hewa inachezacheza juu ya mashamba ya mpunga, na milima yetu naiona ikielea mbali kama nguo iliyoanikwa. Wakati mwingine nasahau niko wapi.

Shida ni trekta letu ulilonikabidhi. Asubuhi linafanya kazi vizuri. Kuanzia saa tano mikono yake ya nyuma inachoka. Nikiinua rotaveta ya kulimia inapanda nusu, kisha inashuka polepole, kama mzee anayesinzia kanisani. Naandika kila siku kwenye shajara. Jana saa mbili asubuhi niliweka kiganja juu ya kasha la mafuta ya haidroliki, pale nyuma ya kiti, nikahesabu hadi ishirini. Saa sita nilihesabu hadi mbili nikatoa mkono. Mafuta hayajapungua. Nimetoa makapi ya mpunga kwenye wavu wa mbele ili kirejeta cha kupozea mafuta kipate hewa. Nilipata nusu saa zaidi, basi.

Wimbo wake, ile filimbi ya njiani, ni uleule. Nikiusikia njiani nadhani niko kwenye majani chai yetu, na ukungu haujaondoka.

Niambie la kufanya.

Binti yako,
Bonareri


Nyamira
Alhamisi, 23 Januari 2025

Bonareri mwanangu,

Barua yako ilifika ikinukia ndizi, nikafurahi. Goti linanikumbusha tu kwamba lipo. Ng'ombe amezaa ndume mwenye kichwa kikubwa, na majirani wamempa jina la baba yako mdogo Geoffrey. Yeye hajui bado. Hapa ni ukungu hadi saa tatu na tunavaa makoti, kwa hiyo hilo joto lako nalisoma kama hadithi ya nchi nyingine.

Trekta halijawahi kuchoka hapa kwa miaka tisa. Basi ni jua. Adhuhuri lipumzishe na ulifunike kwa majani ya migomba, tabaka mbili, jua lisiliguse. Tena usisahau: kila unaposafiri, vuta wenzo wa kuinulia hadi mwisho na uufunge kwa ule mpira wangu, kama nilivyokufundisha, rotaveta isigonge mawe. Habari ya wimbo sikuielewa. Andika mambo ya mafuta.

Geoffrey alikuja hapa Jumapili akanipazia sauti sikioni, "Umempa msichana trekta, sasa limeshikwa na homa." Nilicheka, lakini si sana. Tumekubaliana hivi: likiendelea kuchoka hadi mwisho wa Februari, atakuja kulichukua, na kuanzia hapo ataliendesha yeye. Usione ni ukali, mama. Ni trekta moja tu tulilo nalo.

Tata yako,
Thadeus


Ahero
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa Tata,

Salamu nyingi kwako, kwa ng'ombe na kwa yule ndume mwenye jina. Nimekula, nimelala, nina nguvu.

Nililifunika kama ulivyosema. Migomba huku ni michache, nikaomba majani kwa watu watatu. Baada ya saa nzima nilifunua, joto likanipiga usoni kama nimefungua chungu. Tata, tulikuwa tunalivundika kama ndizi. Ule moto wa ndani ulikosa pa kutokea. Sasa naliegesha kwenye kivuli cha mwarobaini, upande unaotoka upepo, boneti wazi, bila kufunika kitu. Hilo limesaidia.

Jambo la pili nimelichelewesha siku nne, kwa kuwa sikujua niliandike vipi.

Jumatano nilikuwa napita kando ya mfereji, wenzo nimeufunga kwa mpira wako, trekta linaimba. Kuna fundi wa pampu hapa, Ombui, Mgusii mwenzetu. Alisimama njiani na mikono kiunoni.

"Dada, hilo trekta linalilia nini?"

"Halilii. Linaimba. Limeimba hivyo tangu nikiwa shule."

"Basi tangu ukiwa shule mmelikaba koo."

Alinieleza. Mikono ikishafika juu, mafuta hayana tena pa kwenda, lakini wenzo uliovutwa hadi mwisho unaiambia pampu iendelee kusukuma. Mafuta yanajipenyeza kwenye vali ndogo kwa nguvu, na pale ndipo yanapopiga ile filimbi, na pale ndipo yanapochemka. Kwetu Nyamira, kutoka chai hadi shamba la chini ni dakika tatu, tena kwenye baridi. Huku shamba hadi shamba ni nusu saa.

Sikumwamini, kwa hiyo nilipima. Alhamisi saa tano, safari ya nusu saa, wenzo umefungwa: kiganja kilivumilia hesabu ya mbili. Ijumaa saa tano, njia ileile, nilipandisha rotaveta kisha nikarudisha wenzo upana wa kidole mpaka filimbi ikanyamaza: hesabu ya tisa. Rotaveta haikushuka wala kugonga jiwe. Mikono ilifanya kazi hadi saa tisa alasiri.

Jana Sabato tulipumzika sote wawili. Leo ndiyo nimepata moyo wa kuandika.

Naweka mpira wako ndani ya bahasha. Sikuutupa. Sijui hata nakuomba radhi kwa nini, lakini nakuomba.

Binti yako,
Bonareri


Ahero
Jumatano, 26 Februari 2025

Mpendwa Tata,

Natumaini ni kimya tu na si ugonjwa. Nyanchera amekuja mara mbili na ndizi peke yake. Anasema alikupa bahasha mkononi, ukaifungua hapohapo, ukatazama mpira muda mrefu, kisha ukaenda zako bila kumwambia kwaheri.

Keshokutwa ni mwisho wa Februari. Nimeosha trekta, nimebadilisha mafuta kama fundi alivyoshauri, maana yale ya baridi yalikuwa mepesi mno kwa joto hili. Kwa siku kumi na tano tangu hapo mikono haijachoka hata mara moja. Tarehe zote ziko kwenye shajara. Geoffrey akija atanikuta, na kama ndivyo ulivyoamua, nitampa ufunguo.

Njiani sasa ni kimya. Naendesha nikiwa kama ndani ya maji, nikisubiri kitu kianze kuimba.

Binti yako,
Bonareri


Nyamira
Jumapili, 2 Machi 2025

Bonareri mwanangu,

Mimi si mgonjwa. Niwie radhi kwa kimya. Geoffrey hatakuja. Nilimwambia homa imepona na daktari ni wewe. Alikasirika kidogo, kisha akamwona ndume na kuambiwa jina lake, akakasirika zaidi. Trekta ni lako la kuendesha, huku na huko. Mpira nimefungia lango la zizi, hapo hauumizi kitu.

Kilichoninyamazisha si kosa. Makosa ninayo mengi. Ni kwamba nilikwenda kwa jirani yetu Kemuma nikamwandikia kwenye karatasi: ni kweli trekta langu lilikuwa linaimba? Akanishangaa. Akaandika chini yake, "Tulidhani unajua. Lilisikika mpaka ng'ambo ya mto."

Miaka tisa nimekalia wimbo na sikuwahi kuusikia.

Kisha nikamkumbuka mama yako. Kila nilipopita kutoka chai kwenda shamba la chini, alitoka akasimama kwenye ua na kisu chake cha kumenyea ndizi mkononi, hadi nipotee kwenye migomba. Nilikaa wima zaidi, nikijua ananitazama. Hata baada ya kumzika nimekuwa nikikaa wima pale. Sasa najiuliza kama alikuwa anatoka kusikiliza trekta.

Wewe ulikuwa jikoni naye. Niambie ukweli, kama ulivyoniambia ule mwingine.

Tata yako,
Thadeus


Ahero
Jumatano, 5 Machi 2025

Tata,

Wimbo ulisikika vizuri hadi jikoni, hata mlango ukiwa umefungwa. Kama ni kusikiliza, Mama hakuwa na haja ya kutoka.

Binti yako,
Bonareri