Nyundo ya Papa na Mizunguko ya Ketsia

Kalemie, Jumapili baada ya misa

Mpendwa mdogo wangu Léontine,

Nakuandikia nikiwa barazani, na upepo wa ziwa umenilazimisha kuiwekea karatasi kikombe juu. Mgongo wako unaendeleaje huko Moba tangu mvua zianze? Sisi tu wazima. Mwanao Ketsia anakula vizuri, ingawa anadai bugali yangu ni ya mwalimu wa hesabu: imepimwa sawasawa, haina ladha.

Nikupe habari za masomo yake. Alitakiwa kuwaonyesha walimu wa chuo programu ya kompyuta ya kusimamia mizigo ya bandarini, na bila hiyo mwaka ungempotea. Ndani yake alitengeneza kitu alichokiita Shehena, chenye mizigo mingi, akataka mizunguko ya programu, yaani amri zinazojirudia, iipitie mizigo yote, mmoja baada ya mwingine. Mzunguko wa kwanza, wa kutaja mizigo, ulikwenda vizuri. Wa pili, wa kujumlisha uzito, ukatoa sifuri, kana kwamba bandari imefagiwa. Alihangaika na kosa hilo mpaka akaacha kunitania, nikaanza kuwa na wasiwasi.

Nikamwomba anifundishe kama mwanafunzi wake. Akasema mzunguko haujui mizigo imepangwaje, wala hauhitaji kujua. Kuna mapatano, wenyewe wanayaita kiolesura: kitu kinachotaka kupitiwa hutoa mpitiaji, na mpitiaji huulizwa mambo mawili tu. Kuna mwingine? Basi nipe anayefuata. Jibu likiwa hakuna, mzunguko unakoma.

Léontine, hapo nilimwona Papa, baba yetu, mawazoni. Unakumbuka alivyokagua treni ya Kabalo, akigonga magurudumu kwa nyundo, behewa baada ya behewa, na Mama akisikia mlio wa mwisho anaweka maji ya bugali motoni? Papa hakujali behewa limebeba saruji au mahindi. Aliangalia kama mbele kuna jingine, akalifuata. Na hakukubali kamwe kuanzia pale mwenzake Blanchard alipoishia. Alisema kila mkaguzi ana miguu yake.

Basi nikaitoa nyundo sandukuni, tukaenda kwenye mabehewa yaliyolala kituoni. Mlinzi akatuuliza kama tumeajiriwa au tumerukwa na akili. Ketsia akamjibu kwamba jambo hilo bado linachunguzwa. Niligonga mpaka behewa la mwisho, nikampa nyundo, nikamwambia sasa akague yeye treni nzima. Akabaki amesimama pale pale, mbele yake majani matupu. Nikamuuliza mbona hagongi. Akasema hakuna jingine. Nikamwambia treni ipo yote, ni miguu yangu tu iliyofika mwisho.

Akageuka kulitazama behewa la kwanza kule mbali. Akaanza kutembea, kisha kukimbia, akalipita behewa lenyewe na kuelekea nyumbani kwenye kompyuta yake, mimi nikimfuata taratibu. Shehena ilikuwa ikitoa mpitiaji yule yule kila mara, ambaye mzunguko wa kwanza ulikwisha kumfikisha mwisho. Akairekebisha, kila mzunguko ukapewa mpitiaji mpya anayeanzia mwanzo. Uzito ukatoka. Walimu wamempitisha.

Sasa nikuambie jambo ambalo Ketsia mwenyewe ameniomba nikuandikie, maana yeye anaona haya. Mfuko mweusi atakaokuletea Mama Evodie pamoja na barua hii una sabuni na sukari. Siku ile tulipokwenda kituoni ulikuwa umejaa nguo za mwanao, umefungwa kamba, nyuma ya mlango. Alikuwa ameshaomba nafasi kwenye boti ya Moba, aje akuambie kwamba masomo yamemshinda. Boti iliondoka bila yeye, na nguo amezirudisha kabatini mwenyewe.

Usimkaripie. Nyundo ya Papa tumeitundika langoni. Kila akirudi kutoka chuo anagonga chuma cha lango mara moja, nami naweka maji motoni.

Wape mkono wangu wote wa nyumbani kwako, na mgongo huo uupumzishe.

Yaya wako, kaka yako mkubwa,
Sébastien