Ng'ombe Wako Hajambo

Ibighi, Tukuyu
12 Juni 1994

Kwa kaka yangu Athuman,

Assalaam alaykum. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, umekula, na umelala mahali pakavu, maana huku kwetu pakavu hapajaonekana tangu Machi. Sisi hatujambo. Mama ni mzima. Narudia, kwa sababu nakujua unavyoruka mistari kutafuta habari mbaya: Mama ni mzima, na mchana wa leo amekula ndizi kwa nyama kisha akanilaumu kwamba nimezidisha chumvi. Binti yangu Yusra yuko darasa la pili, anakusalimu mjomba asiyemjua, na anauliza kama ni kweli huko Kitwe watu wanaishi chini ya ardhi kama fuko. Nimemwambia wanashuka na kupanda. Hakuridhika.

Barua yako tumeipata. Niliisoma mara ya kwanza peke yangu, ndipo nikamsomea Mama, na ile sehemu ya kazi kwisha mgodini nikaipitia haraka haraka. Lakini Mama ni yule yule, masikio yake hayajazeeka. Aliniambia nirudie. Nikarudia mpaka pale unaposema kwamba huwezi kurudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka kumi na mitano, watu wakakuona unashuka kwenye gari na begi moja. Mama alinyamaza sana. Nilidhani ni huzuni. Leo ndiyo nimejua kwamba haikuwa huzuni peke yake, na ndiyo sababu nimekaa kukuandikia marefu namna hii. Vumilia, mdogo wako hajawahi kufupisha kitu.

Unaikumbuka njia ya Kinyala? Baba mbele na kanzu yake aliyoipandisha mpaka magotini, wewe na pakiti za chumvi kichwani, mimi nyuma nikilia kwamba mnaniacha. Watu wakimcheka Baba, Mswahili gani huyu anakuja milimani na kanzu nyeupe, naye akicheka nao na kuwauzia sabuni ya kufulia. Siku uliyoteleza ukakaa kwenye tope na chumvi yote, Baba hakukupiga. Alisema ng'ombe wa njiani nao wanahitaji chumvi. Tukifika kwa Mzee Zebedayo tunakuta mtindi umeshawekwa kwenye kibuyu, na yule mzee anakamua maneno yake moja moja kama ng'ombe mgumu. Mpaka leo nikinusa moshi wa kuni mbichi na maziwa yaliyoganda namwona Baba amekaa kwenye kigoda chake pale, amevua viatu, ana raha kuliko alivyokuwa nyumbani kwake.

Na unakumbuka mshahara wako wa kwanza ulivyofika. Baba hakununua hata kilo ya sukari. Alikwenda kununua mtamba mweupe, akampa jina Sabuni, akampeleka Kinyala kwa Mzee Zebedayo amfuge, kama walivyofanya wajomba zetu wa upande wa Mama tangu zamani: wewe una ng'ombe, rafiki yako ana majani, yeye anakunywa maziwa na ndama wa kwanza ni wake, wewe unabaki na akiba inayotembea. Akasema huyo ni wa Athuman, wa siku ya kurudi kwake. Tangu hapo katika kila barua tuliyokuletea, mwishoni, Mama hakukosa kuniambia niongeze: mwambie ng'ombe wake hajambo. Nimeyaandika maneno hayo miaka yote mpaka mkono wangu unayaandika wenyewe. Mara nyingine nilimtania Mama, ng'ombe gani huyo hazeeki wala haugui, akasema nichunge mdomo wangu.

Hakuguswa, kaka. Baba alipofariki watu walijaa uwanjani siku tatu, tukakopa mchele wa Kyela kila nyumba, na ukoo ukasema kuna ng'ombe Kinyala. Mama akasema ng'ombe wa Athuman haguswi. Nami mwaka wa themanini na sita niliporudi kutoka kwa mume na Yusra mgongoni na furushi moja la nguo, nikasema kwa sauti ndogo kwamba pengine yule ng'ombe angetusaidia. Mama alinikata jicho.

Lakini baada ya wiki kadhaa aliniita chumbani, akafungua pindo la khanga, akanipa fedha ambazo sikuwahi kuziona mikononi mwake. Akaniambia amepata zamu yake ya upatu na wanawake wa Kiislamu wa sokoni, nikafanye biashara, nisikae kumhesabia bati za paa. Ilikuwa ndiyo kwanza ruksa ya kuingiza bidhaa imeanza kupumuliwa. Sabuni na sukari tulizokuwa tukizipigania foleni dukani zilianza kuonekana zenyewe, na malori yakaanza kuleta mitumba Mbeya. Nikaenda nikanunua belo moja la makoti. Watu walinicheka, wengine wanachagua magauni na suti. Nikasema Tukuyu hii inanyesha hata pale mvua inapopumzika, anayehitaji gauni atavumilia, anayehitaji koti hawezi. Yale makoti yaliisha siku ya mshahara wa wachuma chai, jua halijafika utosini.

Usidhani nilikuwa na akili. Mwaka ule wa kwanza nililila duka. Idi ikija, natoa dukani. Shangazi akiumwa, natoa dukani. Yusra akitaka kiatu, duka. Kisha akafa mjomba wetu wa Mpuguso, na unajua msiba wa kule, huwezi kwenda na mikono miwili tu. Nikatoa dukani kitenge, mchele na nauli ya watu. Sikuiona kama hasara. Nilijiona mtoto mwema wa ukoo, mwenye duka anayetegemewa. Lori la mabelo lilipoingia nilikuwa mwema sana na sina hata fedha ya kununua robo. Mama alinikuta nimekaa juu ya meza tupu nalia. Hakunibembeleza. Alisema duka lina mdomo wake na nyumba ina mdomo wake, usivilishe kwa kijiko kimoja.

Akaniwekea makopo matatu ya maziwa ya unga. Moja la duka, haliguswi ila kwa mali. Moja la nyumba, humo natia ujira wangu kila Jumamosi kama kibarua wa mtu mwingine, ukiisha tunakula maboga. La tatu aliliita kopo la mgeni. Alisema shida ni mgeni, haileti taarifa, lakini isikukute ndani huna hata ndizi. Kila mauzo, kidogo kinaingia kwa mgeni, hata tukikosa wenyewe. Nilinung'unika, nikamwita mgeni yule mnyonyaji. Lakini akiba haiozi, na ukuta wa choo ulipoanguka, alilipa mgeni.

Kutoka makoti nikaenda kwenye maturubai. Mchuma chai mmoja, Veronika, mwanamke mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, alikuja akanionyesha sketi yake iliyoloa mpaka kiunoni kwa umande wa michai. Nikamkatia aproni ya turubai, nikaishona kwa cherehani ya kuazima. Akarudi na wenzake sita. Leo nina cherehani yangu, nina chumba cha duka chenye mlango wa mbao nzito, na aproni za Mwanaamina zinajulikana mpaka kiwandani. Nasema hivi kwa majivuno, ndiyo. Baba angesikia.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Aprili upepo ulichukua nusu ya bati zetu, mgeni akalipa, kopo likabaki linalia. Kabla halijapata hata sarafu, Mei Mama alishikwa na tumbo ghafla, akajikunja kama aliyefungwa kamba. Tulimpeleka Mbeya. Daktari alisema ni ngiri imejinyonga, apasuliwe upesi. Na siku hizi, kaka, hata hospitali tunachangia. Dawa, nyuzi, glovu, yote unaambiwa ukanunue. Nilikuwa na mabelo mawili hayajafunguliwa, fedha zangu zote ziko humo. Nikainama nikamwambia Mama kwamba naenda Kinyala kumtoa Sabuni, na kwamba Athuman mwenyewe angeniamuru. Akanishika mkono kwa nguvu sijui alizitoa wapi, akasema bora afe, nisiende, niape. Sikuapa. Nilimwacha na binamu yetu Tupokigwe, nikapanda gari.

Unajua aibu ya jambo hilo. Kwenda kuchungulia ng'ombe uliyemweka kwa mtu ni sawa na kumwita mwizi, ndiyo maana, kwa nilivyojua, toka Baba afariki hakuna mtu wa kwetu aliyekwenda Kinyala kumwuliza mzee habari ya mnyama. Mzee Zebedayo alinipokea kwa salamu ya mugonile na kigoda kile kile cha Baba, akanipa mtindi, nami nikazungukazunguka, mara mvua, mara chai, mara bei ya mbolea. Mwisho nikasema. Alikiweka kibuyu chini. Kisha akaniuliza, taratibu, kama Mama hakuniambia.

Sabuni hayupo, kaka. Hayupo tangu themanini na sita. Mama alipanda mwenyewe kwa miguu na mvua, mwezi ule ule niliorudi na furushi, akasema mwanangu wa kiume ana mikono na wa kike ana mtoto mgongoni. Mzee anasema alimshika Sabuni shingoni akalia kama msibani, na baadaye akatembea nyuma yake mpaka mnadani ili asiuzwe bila mtu wa kwao. Akamwapisha mzee asiseme mpaka wewe urudi, lakini mzee alisema kiapo hakimzidi mgonjwa. Upatu haukuwepo. Zile fedha za kwenye pindo la khanga zilikuwa ng'ombe wako.

Nilikaa pale nikakumbuka kila barua niliyoandika, ng'ombe wake hajambo, na Mama amesimama nyuma ya bega langu. Nililia kwa sauti, sikuona haya.

Mzee Zebedayo aliinuka, akarudi na kamba, mwisho wake kuna ng'ombe mweupe mwenye doa moja shavuni. Ni mtoto wa yule ndama wa kwanza, fungu lake yeye la ufugaji. Akaniwekea kamba mkononi, akasema nenda kamtibu mama yako. Nilimpapasa yule ng'ombe. Ana jicho la Sabuni, au nilitaka tu awe nalo. Kisha nikamrudishia mzee kamba yake, nikamshukuru, ndaga fijo, kwa sababu fungu la mfugaji si letu, na kwa sababu nilikuwa nimeshajua ng'ombe wako yuko wapi. Alikuwa Ibighi, amefungiwa kwa mlango wa mbao nzito.

Nilishuka nikamwuzia Prosper, mwenzangu wa sokoni, mabelo yote mawili bila kuyafungua, kwa bei ya kuuma meno. Cherehani sikuigusa. Ukiuza maziwa ng'ombe anabaki, ndivyo nilivyojiambia njiani. Mama akapasuliwa usiku huo huo. Na Veronika aliposikia alikuja na wachuma wenzake wakatoa fedha za aproni kabla sijazikata, wakisema wanajua nilipo. Nimeshona mpaka vidole vimevimba. Duka limenyooka tena, na kopo la mgeni limeanza kulia sauti nzito.

Mama hajui kwamba ninajua. Nimemtazama wiki hizi mbili. Barua yako ikisomwa anafurahi, ukitajwa kurudi anatazama chini. Ndipo nikaelewa ule ukimya wake. Wewe unaogopa kurudi kwa sababu huna kitu, naye anaogopa urudi kwa sababu hana ng'ombe. Mmekaa hivyo, mmoja Kitwe na mwingine Ibighi, mnaoneana haya, na mimi katikati nawaandikia uongo mzuri.

Basi sikiliza, kaka. Huji mikono mitupu. Ulitangulia kuja, ulikuja mwaka wa themanini na sita ukaingia katika fundo la khanga, na yote niliyojivunia hapo juu nusu yake ni yako. Nimeshamwambia Prosper dukani tutakuwa wawili, mimi na wewe. Mabelo ya Mbeya yanahitaji mtu wa kuyafuata, na mimi nimechoka kugombana na madereva peke yangu. Shuka na begi lako moja mchana kweupe, watu waangalie washibe. Nimekuwekea koti, zito, la kola ya manyoya, maana najua baridi ya hapa umeshaisahau. Nimelificha juu kwa sababu kila mtu analitaka.

Nakuomba jambo moja tu. Ukifika usimwulize Mama habari za Sabuni. Akitaka kusema atasema, asipotaka mwache. Sisi hatuchungulii ng'ombe tuliyemweka kwa mtu.

Nisalimie wote waliokuwa wema kwako huko. Wajomba wa Mpuguso wanakusalimu, Mzee Zebedayo anakusalimu na mtindi wake unakungoja. Yusra ananiambia nikuulize kama utakuja na taa ya kichwani.

Mama yuko hapa nyuma ya bega langu. Hajui kusoma, alhamdulillahi. Ameuliza kama nimefika mwisho, nikasema ndiyo, akasema nisisahau kuongeza yale maneno yake. Nayaongeza, na safari hii ni kweli tupu: ng'ombe wako hajambo, kaka. Njoo umwone alivyokua.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaamina binti Abubakary