Fundo Alilonifundisha Baba

Ijumaa, Novemba 1951. Asubuhi kulikuwa na baridi, kisha jua likatoka. Vidole vyangu vinauma, lakini nimefurahi sana.

Leo sisi wasichana wa shule tumeigiza mbele ya wazazi ile hadithi ya Wayunani wa kale, ya mfalme aliyepotea baharini miaka mingi. Anarudi na kukuta wanaume wamejaa nyumbani kwake, wanakula mali yake na kumtaka mke wake. Anashika upinde wake, na wanaosimama naye kupigana ni mwanawe, mchunga nguruwe na mchunga ng'ombe.

Mimi nilikuwa mchunga ng'ombe. Kazi yake kubwa ni kufunga lango kwa kamba, maadui wasitoroke.

Naungama kwamba nililia nilipopewa sehemu hiyo. Nilitaka kuwa mfalme.

Tena niliifanya vibaya. Mara mbili kwenye mazoezi, Rael na maadui wenzake walisukuma lango, kamba ikafunguka, wakaanguka nje wakicheka.

"Si baba yako anakamua ng'ombe wa mzungu?" Rael alisema. "Na wewe kamba inakushinda!"

Mwalimu akaniambia kwamba ikifunguka tena, sehemu yangu atapewa mwingine.

Jumapili nilikwenda nyumbani, shambani upande wa Turbo, nikamwonyesha Baba ninavyofunga. Akacheka. "Hiyo ni ya kufungia kuni, mama. Kuni hazipigi teke." Akanipeleka zizini, akanionyesha anavyofunga miguu ya nyuma ya ng'ombe mkali kabla ya kumkamua. Ng'ombe akivuta, fundo linakaza zaidi. Nilirudia mpaka vidole vikachubuka.

Leo maadui walisukuma kwa nguvu zao zote. Lango lilitikisika, wazazi wakasimama.

Fundo halikulegea.

Mchezo ulipokwisha, maadui hawakuweza hata kutoka kuwasalimu wazazi. Rael alininong'oneza kutoka ndani, "Dada yangu, tafadhali, fungua sasa!" Nilimwacha kidogo. Mungu anisamehe.

Baadaye Mwalimu alimuuliza Baba kama alimpenda mfalme wetu. Baba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Yule mwenye upinde? Sikumwangalia sana, Mwalimu. Mimi nilikuwa naangalia lango."

Alisema kwa sauti kubwa, wazazi wote wakasikia.

Nikijaliwa kuwa mwalimu siku moja, hadithi hii nitaanza kuisimulia kutoka hapo langoni.