Mafuta Niliyoyachoma Kuutafuta Mlio wa Deo

Koku, uliyekuwa wangu,

Shule unajua niliishia wapi, kwa hiyo ukikuta nimekosea usimsomee Deo mkacheka. Nimeandika kwa sababu mdomoni maneno hayatoki. Hata ulipokuwa nyuma yangu kwenye pikipiki, wewe ndiye uliyekuwa unaongea.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kwenu Ngenge? Pikipiki yangu ilikuwa kimya mpaka unasikia majani ya migomba. Kwenye mteremko nilikuwa nazima injini ili kuokoa mafuta, tunashuka na upepo tu, na wewe unaniambia sikioni, "Taratibu, tusifike haraka." Nikijaza asubuhi hapa Muleba, tunaenda, tunarudi, na jioni bado nabeba abiria.

Halafu Deo akaja siku ya gulio kutoka Bukoba na ile ekzosi yake ya kelele. Watu wote waligeuka. Mimi sikumwangalia yeye, nilikuwa nakuangalia wewe, na wewe ukageuka. Baadaye ukaniambia eti mwenzangu akifika mahali watu wanajua amefika. Mwezi haukuisha ukahamia kwake Buhembe.

Toka siku hiyo nasikia wivu hata chakula hakipiti. Nikiwa kijiweni nausikia mlio wake hamjatokea hata kwenye kona. Mkipita kwenda Ngenge anajaza mafuta hapa, na mkirudi anajaza tena. Wenzangu wanasema anakunywesha petroli. Wanacheka, na mimi najifanya nacheka. Wewe unakuwa umemshika kiunoni kwa mikono yote miwili. Mimi ulikuwa unanishika kwa mmoja.

Basi nikasema kama ni mlio, na mimi nitakuwa nao, siku ukipita utageuka. Nikaenda kwa fundi, akatoa ekzosi yangu akafunga kama ya Deo. Akaniambia, "Sasa inapumua sana, lazima niifungulie kabureta iongezewe mafuta. Pikipiki ni kama mtu, ikiongea sana inasikia njaa." Nikamwambia afungue.

Koku, inakula ile. Ukivuta kidogo haina nguvu, ukivuta sana inanguruma, na ikinguruma unasikia raha unazidi kuvuta. Siku mbili tu nikawa nakimbilia sheli mchana wakati wenzangu wako na abiria.

Nikapata mteja wa Ngenge. Nilipomshusha nikapitia njia ya kwenu. Sikutaka kusimama, nilitaka tu kupita. Mama yako akasikia. Akatoka mbio kwenye migomba, kajifunga kanga safi, kashika kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna cha kukaribishia wageni, uso wote unacheka.

"Karibu mkwe wangu. Koku umemwacha wapi?"

Nikavua helmeti.

Aliganda pale. Akaangalia pikipiki, akaniangalia mimi. "Kumbe ni wewe," akasema.

Nimembeba mama yako kanisani, nimembeba zahanati akiwa na homa kanilalia mgongoni, na miaka yote hiyo alikuwa ananiita kijana wa pikipiki. Nilikuwa nadhani ndivyo alivyo, hana maneno matamu. Kumbe anayo. Anamwekea Deo. Kanga safi anamwekea Deo. Na mimi nimekaa pale juu ya kelele zangu nimeyaona yote, kama mtu aliyechungulia chumba cha watu.

Akaniuliza, "Na wewe kelele za nini? Si ulikuwa mtu wa kimya?" Akanionea huruma, nadhani, maana mgeni hawezi kuondoka hivihivi. Akanisogezea kikapu.

Kurudi, mafuta yakakata kabla sijafika barabara ya lami. Nikasukuma mpaka kwenye duka moja wanauza petroli kwenye chupa za maji. Nikiwa nasukuma ndiyo nikajua siku hiyo kwamba wewe hutarudi. Mtu akishapokelewa vile na mama, imeshakwisha. Hata ningefunga ekzosi mbili.

Kesho yake fundi alinirudishia ile ya zamani na kabureta akaibana. Mafuta yanakaa tena. Ila bado mkipita nasikia vibaya, na sitakudanganya kwamba nawaombea mema. Nikiweza nitaomba, lakini sasa hivi siwezi.

Kaa salama huko Buhembe. Mama msalimie, ila lile la kahawa usimkumbushe, na Deo asijue. Ile kahawa alikuwa amemwekea yeye. Nilichukua kiganja kizima, nikaitafuna yote pale pale mbele ya mlango wenu, na ganda sikutema.

Mimi,
uliyekuwa ukinishika kwa mkono mmoja