Mkono wa Korongo

Ghorofa ya Pili, Mlango wa Kijani,
S.L.P. 418.

Jumatano, 14 Mei.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lako limeacha kulalamika. Fundi wa lifti anayepanda ngazi kwa miguu! Bibi hachoki kuicheka habari hiyo, na kila mgeni akija lazima aisikie upya. Je, yule msimamizi wenu mpya bado anawahesabia dakika za chai? Na lile dirisha la chumba ulichohamia limetengenezwa, au bado unaliziba kwa boksi?

Sisi huku hatujambo. Mama yuko zamu ya usiku wiki hii, kwa hiyo mchana tunanyata nyumbani kama wezi. Bibi anakula vizuri na anagombana vizuri. Baba ni mzima, cherehani zake zinazunguka, na najua umeshasikia kwenye simu wimbo wake mpya, kwamba mwanawe ni shujaa. Medali yangu ameitundika juu ya televisheni. Mteja akija kupimwa suruali, anaonyeshwa medali kwanza ndipo apimwe kiuno.

Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Simu ya nyumbani ina masikio ya Baba pembeni, na mimi nataka upate habari yote, pamoja na kipande ambacho yeye hana.

Nikueleze kwanza mashindano yenyewe, maana mara ya mwisho uliniuliza kama roboti zinapigana ngumi. Hazipigani. Kila shule inaunda roboti yake, yenye ukubwa wa mashine ya kufulia, na kazi ya mwaka huu ilikuwa kuokota pete za plastiki na kuzitundika kwenye kulabu. Asubuhi kila timu inahangaika na lake. Mchana timu zilizoongoza zinachagua wenzao, na kuanzia hapo mnacheza watatu kwa watatu. Aliyekugonga asubuhi anaweza kuwa ndugu yako mchana, mkashinda pamoja au mkashindwa pamoja.

Sisi tulichaguliwa na timu ya Tingatinga. Nahodha wao ni msichana anayeitwa Spana, mwenye maneno machache na macho ya mkaguzi. Akikutazama tu unakumbuka kazi zote ulizoacha nusu. Roboti yetu unaijua, Bibi Harusi, jina alilolipata kwa kuchelewa kutoka. Wa tatu walikuwa Korongo, watoto wanane kutoka shule ndogo, wenye sanduku moja la vifaa lililofungwa kwa mkanda wa suruali. Hawakuwahi kuvuka mzunguko wa asubuhi tangu waanze kushiriki. Lakini Korongo wao alikuwa na mkono mrefu uliofika kwenye kulabu ya juu kabisa, ambayo sisi wengine tuliitazama tu kwa mate.

Programu ya Korongo iliandikwa na msichana wa miaka kumi na minne. Wenzake wanamwita Nukta kwa udogo wake. Huyo mkumbuke, Shangazi, kwa sababu barua hii ni juu yake.

Mchezo unaanza kwa sekunde kumi na tano ambazo hakuna anayeruhusiwa kugusa kitu. Roboti zinajiendesha zenyewe kwa programu zilizowekwa. Tukiwa upande mwekundu njia yetu inapinda kushoto, tukiwa upande wa bluu inapinda kulia. Ubavuni mwa Bibi Harusi kuna swichi ndogo ya kumwambia yuko upande gani.

Kabla ya kila mchezo mmoja wetu anasoma orodha kwa sauti, na mwingine anagusa kila kinachotajwa na kuitikia "tayari". Mgusaji ni mimi, dereva wa Bibi Harusi. Nawe unajua jina la Kiherehere sikupewa bure. Msomaji akiwa bado kwenye betri, mimi nimeshaitikia "tayari" tatu za mbele, na yeye kwa kunizoea anaruka kwenda ninapotaka. Siku nzima tulikuwa wekundu. Nusu fainali tukawa bluu.

Basi kengele ikalia. Bibi Harusi akatoka, siku hiyo kwa wakati, akapinda kushoto badala ya kulia, akamwingia Korongo wakati mkono unanyanyuka. Mkono ukakatika kwenye kiwiko, na Korongo akazunguka mpaka akatukingamia sisi. Kwa mtu aliyekaa jukwaani ilionekana kabisa kwamba Korongo ndiye aliyepotea njia. Tingatinga akatundika pete kama mwenye wazimu, tukapenya kwenda fainali kwa tundu la sindano.

Tulipotoka uwanjani niliitazama swichi. Ilikuwa kwenye nyekundu.

Kabla sijafumba mdomo, nahodha wa Korongo alikuwa mbele yangu, kijana mrefu mwembamba, amekunja mikono kama aliyeitwa ofisini.

"Samahani sana, dada," akaniambia. "Yetu imewakatia njia. Tunaangalia programu sasa hivi."

Nami nikamjibu, "Usijali."

Usijali! Nilimsamehe mtu kwa kosa langu mwenyewe, Shangazi, na nikamsamehe kwa upole.

Fainali ilikuwa baada ya nusu saa. Kanuni inasema roboti ikivunjika, nahodha wa muungano anaweza kuita timu ya akiba, na timu iliyotolewa hairudi tena. Spana alikuwa ameshachukua karatasi ya timu za akiba na anaipitia kwa kalamu. Watoto wa Korongo waliona, wakaanza kukunja nyaya zao polepole bila kuambiwa. Mimi nilikuwa nakaza nati iliyokwisha kukazwa. Niliogopa Spana atatutoa sisi. Niliogopa mwalimu atanipokonya uendeshaji. Niliogopa hata macho ya msomaji wetu wa orodha. Nikajiambia mkono wao ulikuwa dhaifu, ungevunjika tu siku moja. Saa ya ukumbi ilikuwa imenielekea usoni, na niliitazama ikitembea dakika kumi na mbili.

Kilichonifungua mdomo si ushujaa. Nilimwona Nukta ameketi sakafuni na kompyuta mapajani, kidole kwenye kioo, midomo inacheza, anatafuta kosa mstari kwa mstari. Wenzake wamemsimamia kichwani. Mmoja akamwambia, "Si tulikwambia uhakikishe?" Hapo nikaona siwezi tena.

Nikasema mbele ya wote kwamba Korongo hakupotea njia. Kosa lilikuwa letu, na ndani ya letu lilikuwa langu, na swichi ile pale waitazame.

Spana akaniinamia sikioni, akaniuliza, "Umejua lini?"

"Tulipotoka tu uwanjani."

Alinitazama mpaka nikatamani sakafu ipasuke. Halafu akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. "Hatumwiti mtu," akawaambia wote. "Nani ana alumini?"

Sisi tulikuwa nayo, kwenye bampa ya nyuma ya Bibi Harusi. Tukaifungua, tukaipima kwa ule mkono uliovunjika, vijana wa Tingatinga wakashika msumeno. Tulikosa jiliwa la kukibana chuma kisicheze. Ungeona walioleta! Wasichana wawili wa muungano tuliokuwa tukutane nao fainali, wamelibeba katikati yao wakihema, na mmoja ana bolti nane mkononi.

"Tunataka tuwafunge mkiwa watatu," akasema. "Tukiwafunga wawili, watu watasema."

Niliwapenda papo hapo, na bado nilitaka kuwapiga mabao ya kutosha.

Wakati chuma kinatobolewa, Nukta alinivuta shati. "Lakini dada," akasema, "mimi nilikuwa nimeshaliona kosa." Alikuwa amelipata, Shangazi, ndani ya programu isiyo na kosa. Kwa kusimamiwa na kuharakishwa aliona lazima lipo, akabadilisha namba mbili. Nahodha wake akamwambia azirudishe upesi. Keekee inapiga kelele, watu wanapita juu yake, sisi tunaitwa uwanjani. Akazirudisha, akakimbia.

Mkono ulishika. Kile kiwiko cha bampa yetu hakikutikisika hata kidogo. Lakini katika zile sekunde kumi na tano Korongo alisimama kiganja kimoja kabla ya kulabu ya juu, na pete ikaanguka sakafuni. Ilikuwa na pointi sita. Tulipigana mpaka kengele ya mwisho, na Bibi Harusi bila bampa alisukumwa kila upande kama gunia. Tulishindwa kwa pointi nne.

Nukta alifungua kompyuta pale pale. Namba moja alikuwa ameirudisha. Ya pili aliisahau.

Ndipo waamuzi, waliokwisha kuisikia habari ya swichi, wakaniita jukwaani kunipa medali ya uungwana, kwa sababu nilikiri kosa. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Wakati wa kufunga vifaa nikawasikia wenzangu wanasema kale katoto kametukosesha kombe. Nikawaambia si yeye, lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, na hakuna aliyesikia. Medali ilikuwa shingoni mwangu.

Wiki iliyopita Spana alinitumia ujumbe. Nukta hajakanyaga karakana yao tangu siku ile. Amerudisha kompyuta ya shule na kusema yeye na programu basi, akili yake haiwezi. Tangu nisome ujumbe huo nina hasira, na yote ni yangu mwenyewe.

Nilimwendea mwalimu. Akaniambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nikamjibu kwa heshima kwamba hii bado ni ndwele, na mgonjwa ana miaka kumi na minne. Mama naye ananiuliza umeshakiri mbele ya watu mia tano, unataka kukiri mara ngapi? Lakini nilichokiri ni swichi, Shangazi. Dakika kumi na mbili sijazikiri kwa mtu ila Spana. Ningesema pale pale, Nukta asingegusa programu yake, na pete ingekaa kwenye kulabu.

Baba hajui. Nitamwambia mwenyewe kesho akifunga cherehani, na medali ataamua aiache pale au aitoe.

Jumamosi nakwenda shuleni kwao. Ni safari ya saa tatu. Spana amesema atakuja, hakusema kwa nini, na mimi sikumuuliza. Watu wake walikuwa wamehifadhi programu za timu zote tatu tangu mchana wa siku ile, kabla ya kugongana, na amenichapia ya Korongo. Nimeipitia mara nne. Kila namba iko mahali pake. Nitamwekea Nukta karatasi hiyo mbele ya wenzake wote saba, nimwonyeshe kwamba alikuwa sahihi, na kwamba mtu aliyelijua hilo alisimama hatua sita kutoka kwake akikaza nati.

Sikuombi ruhusa, nakuarifu. Ila nakuomba unieleze nyinyi mnafanyaje kwenye lifti, maana huko kwenu "tayari" ya uongo inaua mtu. Sisi tumebadilisha utaratibu. Mgusaji haitikii mpaka msomaji naye aone kwa macho yake. Na mimi nimeomba kuwa msomaji. Kusoma polepole, neno kwa neno, kwa ulimi huu unaoujua, ni adhabu tosha, lakini nimeshikilia na sitaachia.

Huenda Nukta asitake hata kuniona. Ana haki. Nitarudi Jumamosi inayofuata, na nyingine, mpaka awe ameisoma ile karatasi hadi mstari wa mwisho. Kombe la mwakani nalitaka, Shangazi, nalitaka mpaka nakosa usingizi. Lakini nataka kulichukua Korongo akiwa upande wa pili wa uwanja na Nukta amesimama nyuma yake. Na wao wakitufunga, nitamfuata mimi kumpa mkono, na nitalia nikifika nyumbani.

Nisalimie binamu zangu wote wawili, na yule mkubwa mwambie deni la kunijibu barua halijafutwa. Bibi anakusalimu sana na kuuliza kama goti limeanza kupanda lifti. Mama na Baba wanakusalimu. Mungu akulinde huko juu kwenye kamba na vyuma, na kila anapokupandisha akushushe salama.

Ni mimi wako nikupendaye daima,

Kiherehere.