Niliambiwa Nivunje Pesa, Nikavunja

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanitukana, maana najua nastahili na sitakulaumu.

Mimi ni msusi, nina kibanda cha viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni, na mdomo wangu wateja wanaujua, hata mtu akisinzia kwenye kiti mimi naendelea kuongea tu, lakini hili sijamwambia hata mmoja wao. Nyumbani tulizaliwa wawili, kaka yangu na mimi, na kaka alivuka mpaka zamani akaenda nchi ya jirani kuchomelea mageti, akaoa huko huko, akapata watoto wawili, na mimi na mama tukawa tunamsikia kwenye simu zaidi kuliko tunavyomwona kwa macho. Sasa mwezi uliopita wifi yangu akapiga, sauti imemkauka, akasema kaka amelazwa, ini limeharibika, njooni upesi anawaulizia. Niliweka simu sauti kubwa ili mama naye asikie. Wifi akasema, "Njoo na mama. Na mkija, wifi, msije hivi hivi, mvunje pesa kabla hamjatoka kituoni, teksi za huku hazipokei pesa ya kwenu." Nikamjibu, "Sawa wifi, nimeelewa."

Nimeelewa! Mshauri, neno hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu sisi huku ukisema kuvunja pesa maana yake unachukua noti kubwa unapata ndogo ndogo, na kituo nilichokifikiria ni kituo chetu cha hapa tunapopandia basi, basi nikatoka mbio, nikaenda kwa mwenye duka la jirani, nikaenda kwa muuza vocha, nikaenda kwa yule wa kukaanga chipsi, nikavunja pesa yote tuliyokuwa nayo mpaka pochi ikakataa kufunga, na moyoni najisifu, kumbe madereva wa huko hawana chenji, sisi tutawashangaza. Mama akaniuliza, "Mbona unabeba makaratasi mengi hivyo?" Nikamwambia, "Mama, wewe tulia, safari za nje zina utaratibu wake." Mimi huyo! Mimi ambaye mpaka siku ile sikuwa nimevuka mpaka hata mara moja.

Tulifika Jumapili mchana. Pale kituoni kuna madirisha ya kubadilishia fedha, nikasogea na pochi yangu imefura, kijana wa nyuma ya kioo akatazama akasema, "Dada, hizi hatuchukui. Lete noti kubwa." Nikamwambia yule kijana, "Ni pesa hizi hizi, zihesabu tu." Akasema, "Ni pesa huko kwenu." Dirisha la pili wakasema vivyo hivyo, la tatu limefungwa mpaka kesho, na kwenye teksi kila dereva akiona ile pesa anatikisa kichwa, isipokuwa mzee mmoja aliyeniambia kwa upole, "Binti yangu, ningewabeba, lakini mafuta nitaweka na nini?" Laini yangu ya simu huko haishiki, nikaazima simu kwa muuza maji nikampigia wifi, haipatikani, baadaye ndiyo nikajua chaji ilimwishia wodini. Hospitali iko upande wa pili wa mji na magoti ya mama unayajua ya watu wazima, hayaendi. Mama amekaa kwenye benchi, kapu mapajani, ndani ya kapu kuna shuka jipya alilomnunulia mwanawe, na kila nikirudi mikono mitupu ananiuliza, "Bado?" Namwambia bado kidogo, mama.

Aliyetuokoa ni kondakta wa basi linalorudi kwetu, maana yeye ndiye aliyekuwa anatafuta chenji ya kwetu, akatubadilishia palepale bila maneno, na muda wote ule alikuwa amesimama pale nguzoni anachokonoa meno, nimempita mara ngapi sijui.

Tulipofika wodini jua limeshashuka. Wifi alikuwa ukumbini, kandambili mkononi, miguu mitupu. Akatutazama akasema, "Mlikuwa wapi? Alikuwa anauliza mmefika wapi." Kaka alikuwa ametoka kufariki, hata mto haukuwa umepoa. Mimi sijafungua mdomo, mama akasema, "Ni mimi, mwanangu. Nilichoka na safari, nikaomba tukae kwanza nipumzike." Nilimgeukia mama, akanikazia macho kama nilipokuwa mtoto. Lile shuka tulilomletea ndilo alilofunikwa nalo.

Basi msibani wifi akawa anasema mbele za watu, mama mzazi kachoka, mwanawe anakata roho! Watu wakawa wanamtazama mama yangu kwa jicho la pembeni na yeye ameinamisha kichwa, anakula matusi ya wenzake kimya kimya. Halafu siku ya kuondoka wageni nikasikia wifi anamwita jirani, anampa noti za kigeni alizopewa rambirambi, anamwambia, "Niendee pale dirishani ukanivunjie hizi." Ukanivunjie! Mshauri, ndipo nilipojua huko kwao kuvunja pesa ndiko kuibadili. Mama alikuwa pembeni yangu, naye alisikia, akanishika mkono akaubana.

Tuliporudi nyumbani nikamwambia mama, nampigia wifi, namweleza yote. Akanikataza. Akasema, "Nyamaza. Hayo maneno ukiyatoa yataua mtu mwingine. Mimi nimeshazeeka, lawama haitanipunguzia kitu." Ananionea huruma mimi, najua, anaona nitakufa kwa aibu. Lakini sasa wifi mwisho wa mwezi anahama na watoto kwenda kwa wazazi wake, mbali kabisa, na mama anataka twende hata siku mbili tu awaone wajukuu kabla hawajaondoka. Nikamtumia wifi ujumbe, akajibu hivi: "Msihangaike kuja. Mama asije akachoka tena." Mama aliusoma mwenyewe. Kesho yake akaenda kununua viatu vya wale watoto, anavipima kwa kiganja, anaotea.

Mshauri, nimtii mama ninyamaze, au niseme nimvunjie neno lake? Na nikisema, nitaanzia wapi? Na safari yenyewe naiogopa, siku hizi mteja akinipa noti kubwa anaomba chenji namrudishia akatafute kwingine. Nisaidie.

Wako, msusi mwenye mdomo uliofungwa.

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kaka yako. Na pole sana kwa mama, ambaye amezika mtoto huku anatazamwa kwa jicho la pembeni.

Sikutukani, ila nitakugombeza, kisha tuendelee. Umekosa, ndiyo, lakini hukukosa pale ulipovunja pesa. Umekosa uliposema "nimeelewa" kwa jambo ambalo hujawahi kulifanya maishani, na mama alipokuuliza swali la maana ukamnyamazisha. Kuuliza si ujinga. Swali moja tu, "Wifi, kuvunja vipi?", lingetosha. Hilo kosa ni lako, libebe, halizidi uzito wako. La kumuua kaka yako usilibebe. Kaka yako ameuliwa na ini. Kiswahili tunacho kimoja, lakini kila mji una mdomo wake, na hapo hakuna mchawi wa kumtafuta.

Sasa rudi usome barua yako mwenyewe, maana umeandika jambo kubwa na hukuliona. Mama alisema maneno hayo yataua mtu mwingine. Wewe, kwa kuwa umezoea kuwa mdogo wa nyumba, ukadhani huyo mtu ni wewe. Mwanangu, hebu fikiri. Wewe ulikuwa umeshajua tayari! Ulijua palepale msibani, mama ameshika mkono wako. Ambaye hajui ni mmoja tu, naye ni wifi yako. Mama aliisikia simu ile kwa masikio yake, halafu akalisikia lile neno mara ya pili kwenye kinywa cha mjane. Akaelewa kabla yako kwamba siku kweli itakapotoka, yule binti atajua kuwa maneno yake mwenyewe ndiyo yaliyomkalisha mama mkwe kwenye benchi huku mume anaulizia. Kule wodini mama alikukinga wewe. Msibani, alipokubana mkono, alikuwa anamkinga yule anayemtukana.

Nilipofika hapo niliiweka barua yako mezani nikatoka nje kidogo. Mama kama huyo mtunze.

Lakini kumtunza si kumwacha azikwe na lawama isiyo yake. Hapo mama yako amekosea, na mwambie mimi nimesema, mtu mzima mwenzake. Wifi yako si mtoto wa kufichwa. Anaondoka na wajukuu akiamini bibi yao aliona uchovu wake ni mkubwa kuliko roho ya mwanawe, na watoto watalishwa hayo, watakua nayo. Uongo wa huruma umefanya kazi yake pale ukumbini, siku ile. Leo unavunja undugu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza kaa na mama. Usimwombe ruhusa ya kusema, mwambie tu: "Mama, najua ulikuwa unamkinga nani." Mwache alie. Naamini hajamlilia mwanawe sawasawa, kwa sababu kila alipotaka kulia kulikuwa na mtu wa kukinga.

Kisha nendeni. Wifi amesema msihangaike, hakusema msije. Maneno ya mwenye msiba hayapimwi kwenye mizani. Mkifika usianze na kujitetea na usianze na lile neno. Mweleze mlikuwa wapi: benchi, dirisha, kijana wa kwenye kioo, yule dereva mzee, shuka ndani ya kapu. Mwambie mama hakupumzika hata kidogo. Atakuuliza, "Kwa nini ulikuja na pesa ndogo?" Hapo ndipo utamwambia bila kuzungusha: uliposema nivunje, mimi nilisikia kwa maana ya kwetu, nikavunja, na sikukuuliza. Ulisema sawa kabisa kwa watu wa kwenu. Halafu nyamaza, nawe kunyamaza najua hujui, lakini jitahidi. Ataumia, lazima. Ila ataumia akiwa na mama ubavuni, na mama anajua kushika mkono.

Na kuhusu pesa, kwa kuwa umeniambia safari unaiogopa, tulia. Safari hii usivunje kitu. Noti kubwa, safi, zisizokunjwa wala kuandikwa kalamu, zilaze ndani ya kitabu. Uliza benki ya hapo kwenu kama wana pesa ya huko, wakiwa nayo chukua ya kuanzia kabisa, ya teksi, chakula na kitanda cha siku ya kwanza, ili hata madirisha yote yakifungwa mama asikae benchi. Wakikosa, badilisha mpakani kwenye ofisi yenye risiti, si kwa wale wanaokuvuta mkono wakiita bei tamu, na zihesabu kabla hujaondoka dirishani, hata anayekufuata akiguna. Usibadilishe yote kwa safari ya siku mbili. Itakayobaki ibadili iwe ya kwenu ukiwa bado huko, maana ukishavuka nawe utaambiwa ni pesa huko kwao. Nunua laini ya simu ya huko. Na kwa jina la Mungu, msifike Jumapili.

Unaweza kusema mimi na wewe tumechelewa. Hapana. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mke wa mchomeleaji atalielewa hilo kuliko mimi. Ila fanya haraka, gazeti hili nalo linavuka mpaka, na si vizuri wifi yako ajisome humu kabla hajakusikia wewe.

Umeniuliza uanzie wapi. Anzia kwenye simu, leo, kabla ya mteja wa kwanza. Usimpelekee ujumbe, piga. Akikata, piga tena. Akipokea usimlilie, msalimie, kisha mwambie: "Wifi, namleta mama awaone watoto. Nifundishe, pesa tuibadilishie wapi?"

Na akikujibu, usiseme umeelewa. Muulize tena.